Njia Niliyokutengea

Mama, shikamoo. Hilo daraja la kwenye picha ya kadi hii bado sijaliona kwa macho. Corona imetufungia ndani huku ughaibuni, hapa mtaani Seven Hills, na kwa baridi hii ya Julai tunakula tumevaa makoti.

Nyumba nzima tunagombea intaneti moja, kwa hiyo nikafanya kile ninachofanya kazini kama fundi wa mitandao: nikamtengea kila mtu njia yake. Lakini mtandao haukubali kutenga njia kabla hujautajia aina ya huduma itakayopita: sauti, video, au mafaili ambayo yanaweza kungoja. Wewe nikakuweka kwenye sauti. Nani asiyejua unavyopenda kuongea?

Jumapili ukapiga simu ya video. Uso wako ukawa unakatika vipande vipande, nami napiga kelele, "Mama, ongea tu, sauti iko safi!"

Ukasema, "Sina la kusema, baba. Nilitaka kukuangalia tu."

Kisha ukanyamaza, na huo ukimya wako ulinifikia bila kukatika hata kidogo.

Mama Furaha, Mkongomani tunayeishi naye, alikuwa anakoroga sombe, kisamvu cha kwao, aliyonunua sokoni Cabramatta. Akanicheka: "Weye ni fundi gani? Mama anataka aone kama umekonda, na weye unamupa sauti!"

Nimeshabadilisha, Mama. Jumapili piga tena, wala usijilazimishe kusema kitu. Nitakaa dirishani penye mwanga, unitazame mpaka ushibe.

Mwanao,
Elia