Mizani Namba Nne Inapiga Simu Australia

Mpendwa mshauri Attracta,

Naomba unisaidie kabla Alhamisi haijafika, maana nimefanya jambo ambalo nikilifikiria nacheka, na nikilifikiria tena naogopa. Mimi ni fundi wa mtandao katika uwanja mdogo wa ndege hapa magharibi mwa Ireland, nina miaka thelathini na minne, na mwezi Machi nilimaliza kazi ninayojivunia kuliko zote, nayo ni kubadilisha Wi-Fi yote ya abiria, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa aibu tupu, watu wazima walikuwa wakipanda juu ya viti karibu na choo cha wanaume ili wapate kufungua tiketi zao kwenye simu, na sasa nimefunga visanduku thelathini na vinane darini, nyaya nimevuta mwenyewe, kila kona nimeipima mwenyewe nikitembea na kompyuta mkononi kama mwendawazimu.

Siku ya kuwasha nilitaka mtu wa kunijaribia simu ya video, nikamwona mzee mmoja, Bartley Mannion, mfugaji wa kondoo kutoka kwenye rasi yetu ambako mtandao haufiki, amekuja kumpokea mpwa wake na ndege ya London imechelewa, amepakata kishikwambi kipya alichotumiwa na huyo mpwa, anakiogopa. Nikamuuliza, "Mzee, una mtu wa mbali wa kumpigia?"

Akafikiri. "Ninaye dada, yuko Perth, Australia. Lakini hatuzungumzi tangu tulipomzika mama."

"Ni muda gani huo?"

"Miaka thelathini na mmoja."

Nami kwa ujinga wangu nikasema, "Basi mtandao ukikatika hamtapoteza kitu."

Mshauri, haukukatika. Mpwa alikuwa ameshaweka namba humo, nikabonyeza, na bibi mmoja mwenye miwani akatokea, akamkodolea macho, akasema, "Mungu wangu, Bartley, umekuwa kama baba yetu kabisa!" naye akajibu, "Na wewe Concepta umenenepa," kisha wote wawili wakalia na kucheka kwa pamoja, na mimi nimesimama pale nikijifanya nasoma tarakimu za kasi ya mtandao ambazo sikuziona hata moja.

Tangu siku hiyo huja kila asubuhi saa nne, kule Perth ikiwa jioni, ananunua chai, anakaa chini ya kisanduku namba kumi na saba, na wanacheza karata, ule mchezo wetu wa ishirini na tano, abiria yeyote anayesubiri ndege anaombwa amshikie Concepta karata zake mbele ya kamera, na mzee analalamika, "Wewe kijana wa koti jekundu, unamkonyezea!" na Concepta anapiga kelele kutoka huko aliko, "Acha visingizio, toa turufu yako!" na ukumbi mzima unacheka, na nimeona kwa macho yangu watu wakitangaziwa ndege yao wakasema ngoja kwanza tuone mzunguko huu wa karata unaishaje.

Ndipo uwanja ukaleta sheria kwamba Wi-Fi ni ya abiria tu, saa moja kwa siku, na kifaa kinachoonekana zaidi ya siku kumi kwa mwezi bila mwenyewe kusafiri kifungiwe. Mtambo niliofunga kwa mikono yangu ukamfungia. Akanifuata akiwa ameshika kishikwambi kwa mikono miwili, akaniambia taratibu, "Binti, nadhani Concepta amenikasirikia tena. Hapatikani."

Sikuweza kuvumilia. Nilikiingiza kishikwambi chake kwenye mtandao wa vifaa vya uwanja, nikakiandikisha kwa jina la Mizani ya Mizigo Namba Nne. Tuna mizani tatu.

Jumatatu meneja wetu, Malachy Tuohy, ameniita na ripoti mkononi. "Fidelma, hii mizani inafanya nini kwa muda wa saa mbili kila siku?"

"Labda imeharibika, bosi."

"Imeharibika mpaka inapiga simu Australia?"

Anaamini tumeingiliwa na wezi wa mtandao, amemwita mtaalamu kutoka Dublin aje Alhamisi, na mwisho wa mwezi huu ndipo wanaamua kama nitaajiriwa moja kwa moja. Je, nikiondoe kishikwambi hicho mtandaoni kimyakimya na kumwacha mzee wa watu akidhani dada yake amemsusa, au niseme ukweli nipoteze kazi ninayoipenda?

Fidelma, fundi mwenye hofu


MSHAURI ANAJIBU

Fidelma, nimecheka mpaka mume wangu ametoka bustanini kuja kuuliza kuna nini. Sasa nimemaliza kucheka, kaa chini nikuambie.

Ulipomwona mzee yule pale kwenye kiti na ukamrudishia dada yake, ulifanya jambo zuri, na asikudanganye mtu vinginevyo. Lakini mtandao ule wa vifaa ndio unaoendesha mizigo na milango ya watu wanaopanda ndege. Wewe, fundi mzima, umeingiza humo kifaa cha mzee ambaye, namkadiria tu, hubonyeza kila kinachong'aa. Huo si wema, ni uzembe uliovaa nguo za wema. Na ukimwambia bosi wako kwamba mizani imeharibika, hapo umeongeza uongo juu ya uzembe. Aibu!

Leo, kabla hujala, kitoe kifaa kile kwenye mtandao ule. Halafu nenda kwa mzee Bartley mwenyewe umweleze kwamba dada yake hana kosa, kosa ni la mtambo, asilale hata siku moja na wazo lile baya. Kisha kesho asubuhi panda ngazi kwa Malachy. Usingoje Alhamisi, usingoje yule mtaalamu akuvue nguo mbele ya watu. Usimtaje mzee kama ngao yako. Sema, "Ni mimi, nilifanya hivi, na nilijua si sawa." Ukishasema, nyamaza, umwache akasirike, ana haki yake.

Akimaliza, mpe karatasi. Ndiyo, uiandike usiku wa leo. Unajua kupima kila kona, basi pima na hili: mtandao wa tatu, wa wenyeji, uliotengwa kabisa na vifaa, wenye kasi ndogo, unaojipunguza wenyewe ukumbi ukijaa abiria. Mwambie inawezekana, maana nina hakika inawezekana. Akikataa, mtakuwa mmekataliwa mkiwa wasafi. Mimi nina sebule yenye Wi-Fi, na mzee atakaribishwa.

Attracta


Wasomaji mlionipigia simu wiki nzima kuuliza yaliyompata, haya ndiyo aliyoniandikia Jumamosi, naye ameniruhusu kuyachapisha:

Mshauri, nilikwenda. Malachy alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Yaani nimeita mtu kutoka Dublin aje kumkamata Bartley Mannion?" Nikasema ndiyo. Alikasirika kweli, sauti ilifika hadi kwenye kaunta za mizigo. Nimepewa barua ya onyo, na uamuzi wa ajira yangu umesogezwa miezi mitatu. Sikulalamika, nilistahili.

Karatasi uliyoniambia niandike aliisoma mara mbili. Mtaalamu alipofika Alhamisi naye akaisoma, akasema kazi hiyo ni ya mchana mmoja, na kwa kuwa nauli yake imeshalipwa, tuliifanya pamoja. Jana saa nne asubuhi tuliuwasha mtandao wa wenyeji, na mzee akapiga simu.

Malachy alishuka kutoka ofisini kwake, eti kukagua kasi. Akasimama nyuma ya kiti cha mzee, mikono nyuma, uso wa kazi. Wakacheza mzunguko wa kwanza, wa pili, hakuondoka. Akaanza kunyoosha shingo kutazama karata.

"Bartley," Concepta akaita, "ni nani huyo anayepumua nyuma yako?"

"Ni meneja wa uwanja."

"Mwambie akae basi, ananizibia mwanga."

Malachy akavuta kiti, akakaa.