Kidoti cha Hamsini

4 Februari

Shikamoo Babu,

Hatujambo, ila nina mafua kidogo. Goti lako linaendeleaje?

Mwalimu wa historia ametaka kila mmoja wetu achague kitu kidogo cha nyumbani, aandike kilivyobadilika. Wenzangu wamechagua pasi na taa. Mimi nimechagua sarafu ya hamsini, kwa sababu wewe ndiye uliyechonga mihuri ya chuma ya kuigongea. Nilimwuliza Mama, akasema, "Muulize mwenyewe," akaendelea kukunja nguo. Nilifurahi. Huwa hakutaji kabisa.

Mjukuu wako

15 Februari

Marahaba mjukuu wangu,

Goti linatabiri mvua kuliko redio. Kunywa maji ya moto.

Hamsini ya kwanza ilikuwa na tundu katikati, na masuke mawili kulizunguka. Watu waliitunga kwenye uzi wasiipoteze. Kisha tundu likazibwa, akaja jogoo. Mafundi wenzangu walisema jogoo wangu ana shingo ya msimamizi wetu. Sikukusudia, lakini ukimtazama vizuri utacheka. Ya tatu ndiyo hiyo iliyo mfukoni mwako, yenye pembe saba ili asiyeona aijue kwa vidole, na msichana anayesoma kitabu. Mwakani itaondolewa, ije ya namba tupu.

Babu yako

27 Februari

Shikamoo Babu,

Mafua yamekwisha, asante. Nimemwona jogoo, nimecheka peke yangu.

Msichana wa hamsini ana kidoti shavuni. Mama pia anacho, ndiyo maana Shangazi humwita Kidoti. Lakini cha Mama kiko shavu la kushoto, cha sarafu kiko kulia. Nilipomwonyesha, aliilaza sarafu kifudifudi mezani. "Alinikalisha dirishani likizo nzima," akasema, "halafu hakujua hata kidoti changu kiko wapi. Watu wote wanatembea na uso usio wangu."

Ulikosea kweli, Babu? Siulizi kwa ajili ya insha.

Mjukuu wako

30 Machi

Shikamoo Babu,

Natumaini u mzima, maana sijapata jibu. Insha imepata kumi na saba kwa ishirini. Mwalimu ameandika pembeni, "Huyu msichana ni nani?" Kama nimekuudhi, nisamehe.

Mjukuu wako

11 Aprili

Mjukuu wangu,

Mimi mzima, na hujaniudhi. Nimeanza barua nne nikazichana.

Muhuri huchongwa kinyume, ili sarafu itoke sawa. Namba na maneno niliyachonga kinyume bila kufikiri, mkono ulishazoea. Uso wa mama yako sikuugeuza. Nilimchonga kama nilivyomwona. Wiki sita niliuinamia ule muhuri, na kidoti kilikuwa mahali pake. Sarafu ya kwanza ilipodondoka ndipo nilipoona, nami nikanyamaza, nikihofia kazi yangu.

Alipokuja kuniuliza, alikuwa na miaka kumi na sita. Nikamwambia, "Kidoti ni kidoti tu, nani atakitazama?" Kile cha chuma kilikuwa kosa la mkono. Hili la mdomo ndilo linalonisumbua.

Babu yako

20 Aprili

Shikamoo Babu,

Sote hatujambo. Sikumsomea Mama barua yako, niliona si kazi yangu. Niliweka karatasi nyembamba juu ya hamsini, nikaisugua kwa penseli mpaka uso ukatokea. Kisha nikaigeuza karatasi na kuibandika kwenye kioo cha dirisha la jikoni, mwanga upite. Kidoti kikahamia mahali pake.

Mama alikuja kuosha vikombe. Akasimama, maji yakimwagika bure.

"Nani kakufundisha kuigeuza?"

"Babu ameniambia muhuri ulikuwa hivi. Wiki sita alikuwa anakuona hivi."

Akafunga bomba. "Mzee huyu," akasema. "Miaka yote hiyo, na hakusema." Alikausha mikono muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Kisha akaketi, akaniomba barua yako, akaisoma mwenyewe, mara mbili.

Sasa ameniomba bahasha, nami namalizia haraka kwa sababu ananisubiri na kalamu. Tafadhali usiitupe bahasha hii, Babu. Anwani ataiandika yeye mwenyewe.

Mjukuu wako