Maneno Kumi Kabla ya Chai

Nyarugusu, Geita
14/8/2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Mwangaluka, mayu. Goti lako linaendeleaje, lile linalokusumbua ukitoka kisimani? Kaka Athanas na mkewe hawajambo? Na yule ng'ombe mweupe, amezaa salama? Mimi huku ni mzima, ila vumbi la mawe linanikohoza kama mzee mvuta kiko. Ghati wa Tarime, ninayepanga naye chumba, anakusalimu sana ingawa hamjaonana.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ni ya Athanas, na Athanas akiweka spika ukoo mzima unakaa kusikiliza. Barua hii isome mwenyewe, polepole, kama unavyosoma kitabu chako cha sala.

Ujumbe wako ulinifikia. Athanas alisema umechoka kusikia kwamba binti yako anaponda mawe huku akiongea Kichina peke yake. Alisema pia kwamba lugha ya watu humwaibisha anayeiazima, kwa hiyo niache, nirudi nyumbani. Mama, nakuheshimu, lakini siachi. Nasema mapema usije ukasoma hadi mwisho ukitumaini nitalainika.

Nikueleze nilivyoanza. Pale uani tunapoponda mawe ya dhahabu kuna karasha, mashine ya kusaga mawe, na fundi wake ni mzee mmoja wa Kichina. Sisi wanawake tunaponda kwa nyundo. Karasha wanaendesha wanaume. Nilipoomba kufundishwa, Maige, msimamizi wetu ambaye ndiye pia mkalimani, alisema mwanamke akigusa mashine dhahabu inakimbia. Nikamsihi amuulize fundi mwenyewe. Akamfuata, wakaongea kidogo, akarudi kuniambia fundi kakataa. Labda alikataa kweli, labda waliongea habari za mvua. Sikuwa na namna ya kujua, na hilo ndilo lililoniuma. Niliapa kwamba siku moja nitamuuliza kwa kinywa changu.

Kuapa ni rahisi. Wiki ya kwanza nilijifunza kwenye simu kama mwenye pepo. Wiki ya tatu nilikuwa hoi. Maneno ya Jumatatu yalikuwa yameshatoroka ikifika Jumatano. Aliyeniokoa ni Ghati na ukali wake. Alitangaza kwamba asubuhi chai haimiminwi mpaka nitaje maneno kumi. Yeye hajui hata neno moja la Kichina, ila ananitazama machoni. Nikisitasita, birika linarudi jikoni. Nimeenda kazini bila chai mara nne, Mama. Ya tano sikuitaka. Nilipougua malaria alinisamehe siku mbili, ya tatu akaja na birika lake akasimama karibu na kitanda, akingoja.

Kazini nako nikaanza kuhesabu mapigo ya nyundo kwa Kichina, yi, er, san, na wenzangu wakaitikia kama tunavyopokezana nyimbo za kulima huko nyumbani. Sasa ua mzima unahesabu hadi mia. Maige alikataza, tukaongeza sauti.

Hiyo ni miezi kumi na moja. Jumatatu iliyopita nilimfuata fundi mbele ya watu wote, nikamwambia nataka kujifunza karasha. Akacheka. Maige naye akacheka mpaka akashika mbavu, na wachimbaji wakaacha kazi waje kuona kinachochekesha. Uso uliniwaka. Miguu ilitaka kuondoka, nikaikatalia. Nikarudia sentensi ileile, nikairudia tena. Mara ya tatu yule mzee akaacha kucheka, akaniuliza kama nina viatu vya kufunika vidole. Nilimwelewa, Mama, neno kwa neno. Nikamuuliza mbona mwaka jana alinikataa. Akashangaa, akasema hakuna mtu aliyewahi kumpelekea ombi langu. Jana nimeanza kufundishwa. Maige anasema mwezi hautaisha kabla sijafukuzwa. Atachoka yeye.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Walipokuwa wananicheka, niliyemkumbuka ni wewe. Nilikuwa darasa la tano, siku ya mkutano wa wazazi, uliposimama kuuliza kwa nini wasichana wanachoteshwa maji saa za masomo. Uliuliza kwa Kiswahili, kile ulichojifunza mwenyewe ukiuza michembe, vile viazi vyako vikavu, mnadani Tinde, bila mwalimu wala simu. Watu wakaangua kicheko, ukakaa chini kabla hujamaliza. Tangu siku hiyo hujasema Kiswahili mbele za watu. Zahanati anakusemea Athanas, kwenye baraza la kijiji anakusemea Athanas. Na miaka yote umewalaumu watoto wa jirani yetu Mihayo kwamba ndio walioanza kucheka.

Hawakuanza wao, Mama. Nilianza mimi. Nilikuwa dirishani na wenzangu, nikaona wananigeukia, nikawahi kucheka kabla hawajanicheka. Wengine wakafuata. Sijawahi kulisema hata kwa padri. Nilikuwa mtoto, lakini mdomo ule ulikuwa wangu, na nimeuonea aibu kila siku. Swali lako lilikuwa la haki. Nilichota maji mpaka nikamaliza shule. Nisamehe, mayu.

Nimesikia kwamba Alhamisi ya tarehe 29 baraza litasikiliza habari ya Mihayo kuziba njia ya kisimani. Athanas ataitikia kila watakachosema, kama kawaida yake, na wewe utazunguka na goti hilo bovu hadi kisima cha mbali. Usimwachie. Zimebaki wiki mbili. Kila asubuhi simama uani useme kwa Kiswahili yale utakayosema siku hiyo, na mke wa Athanas asikumiminie chai hadi umalize. Ukikosea, kosea kwa sauti. Mimi nakosea kila siku, na karasha naishika.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na majirani pia, hata Mihayo. Nimeomba ruhusa ya siku tatu. Siku ya baraza nitakuwa benchi la mbele. Wakicheka, usikae chini. Nitazame mimi. Safari hii sitacheka.

Ni mimi mwanao,
Eufrasia