Anayeamka Ndiye Huanza Kusema

Ndung'u, mdogo wangu,

Mama hajui kwamba nakuandikia. Akijua ataniuliza barua yenyewe itapelekwa na nani. Lakini Jumamosi iliyopita kuna jambo lilitokea mezani petu, na mtu wa kwanza ambaye ningemkimbilia nimwambie ni wewe. Kwa hiyo vumilia. Nitaanzia mbali kidogo, unanijua.

Unakumbuka kile kitabu? Yule mwalimu mgeni alipomaliza muda wake hapa Thika alikuachia wewe, kwa sababu ni wewe tu uliyemuuliza kinahusu nini. Mchezo wa kujifanya. Kila mtu anakuwa mtu mwingine, mmoja anasimulia safari, wengine wanasema wanafanya nini, na dadu inaamua kama wamefaulu. Hatukuwa na zile dadu za ajabu zilizochorwa mle ndani, tukachukua ya ludo. Mimi nikawa msimulizi kwa kuwa ndimi mwenye mdomo. Salim wa dukani akawa mwindaji, na binamu yetu Njeri akawa anatoka Mwihoko kila Jumamosi kuja hapa kwetu Landless kuwa malkia. Na wewe, kijana hata ndevu hazijatoka vizuri, ukachagua kuwa mzee. Guka, yaani babu, mwenye fimbo na goti bovu. Ulikuwa ukiinuka kitini umeshika kiuno, unaguna, mpaka Mama anacheka huko jikoni bila kujua anacheka nini.

Sheria zetu tulipewa na Mama, ingawa hakukusudia. Aliwashia jiko kurasa za nyuma za kitabu, na huko nyuma ndiko kulikoelezwa mtu akipigwa akaanguka bila kufa inakuwaje. Mimi nilinuna siku nzima. Wewe ukasema, "Wacha, sista, tutatunga zetu."

Na ukatunga. Anayepiga lazima aseme kabla ya kurusha dadu: namuua, ama namlaza. Akisharusha hakuna kubadilisha. Aliyelazwa anaweka kichwa juu ya meza, haongei, na mmoja wetu anapoteza zamu yake akae naye, kwa maana aliyeanguka haachwi peke yake njiani. Ili aamke inatakiwa tano au sita, na hakuna wa kumrushia ila mwenyewe, hapo hapo alipo, mkono tu ndio unainuka. Na akiamka, yeye ndiye huanza kusema. Hakuna mtu kufungua mdomo kabla hajatuambia anaona nini. Hiyo ya mwisho uliing'ang'ania kwa sababu ya ile siku ulizirai gwarideni shuleni, ukafungua macho ukakuta watu wamekuinamia wote wanapiga kelele, kila mmoja na habari yake. "Mtu akitoka mbali," ulisema, "mpe nafasi afike."

Wewe hukuwahi kusema namuua. Hata mara moja. Nilikuwa nakuletea majambazi wabaya kabisa na wewe unawalaza mmoja baada ya mwingine. Nikakwambia, "Ndung'u, hawa wataamka watufuate." Ukanijibu kwa sauti ya Guka, "Wakiamka watakuwa na njaa." Na kweli yule jambazi wa msituni ulikaa naye zamu nzima, Salim na Njeri wanapigana peke yao wanakutukana, na alipoamka ukampa uji. Ikabidi nimfanye mpishi wenu. Ningefanya nini?

Jumamosi yako ya mwisho nilimweka askari kwenye daraja la mto wetu wa kubuni, na Guka, na goti lake hilo, akataka kupita kwa maneno matamu. Nikasema wazi, kila mtu akasikia: namlaza Guka. Dadu ikanipa. Ukaweka kichwa mezani. Ukarusha ukapata mbili, ukarusha tena ukapata moja, na saa ya kurudi kazini Ruiru ikawa imefika. Ukainua jicho moja ukaniuliza, "Nitaamka lini?" Nikakwambia, "Jumamosi." Ukasema, "Basi msiniache hapo darajani."

Sijilaumu kwa neno hilo. Mchezo ni mchezo, na ubao uliochomoka kwenye ule mjengo wa Kimbo ulikokuwa ukifanya kibarua haukujua habari za Guka. Lakini Ngai, Mungu wangu, jinsi vitu viwili vinavyoweza kufanana. Salim alikuja mbio kutoka dukani kwao, akisema simu imepigwa, umeangukiwa na ubao kichwani. Hospitalini tulikukuta umelala. Daktari akasema hujitambui, na mimi, mtu mzima, nikapumua. Nilijiambia, amelazwa tu. Nikavuta kiti nikakaa.

Shangazi zetu walikuja kuomba, wakiomba kwa sauti, wakikuita jina, wakikuambia nyumbani kuzuri na ng'ombe amezaa. Nikawaambia wanyamaze. Nikawaambia akiamka aanze yeye kusema. Walinitazama kama mwenye kichaa, na mmoja akamwambia Mama anipeleke nje nikapigwe na upepo. Sikutoka. Nilikuwa nautazama mkono wako juu ya shuka, ule wa kurushia. Haukuinuka. Jumamosi haikukukuta.

Tulipokusanyika tena baada ya mazishi hakuna aliyejua tuanzie wapi, kwa sababu Guka bado alikuwa darajani. Salim akasema, "Mimi napoteza zamu. Nitakaa naye." Wiki iliyofuata Njeri akakaa. Kisha Salim tena. Safari haikusonga hata hatua moja, miezi yote hiyo, Ndung'u. Tulikuwa tunakutana, tunakunywa chai, mmoja anakaa nawe, tunaagana.

Sasa Salim amepata kazi kwa mjomba wake Malindi, na Jumamosi iliyopita ilikuwa ya kumuaga. Akasema kwa upole, unajua alivyo, "Tumzike huyu mzee. Hatuwezi kumwacha amelala milele." Njeri akawaka. Akasema aliyelazwa hajafa, hiyo ndiyo sheria, na Ndung'u mwenyewe ndiye aliitunga. Wakanigeukia mimi, msimulizi. Kukuua sikuweza, na kukuamsha hakukuwa mikononi mwangu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika. Akauliza, "Huyo mzee mnayemgombania ni nani?"

"Ni Ndung'u, Mama," nikamwambia. "Yule wa mchezo."

"Amelala tangu lini?"

"Tangu siku ile alitoka hapa."

Akaweka birika chini. Akavuta kiti chako, ambacho hakuna mtu anakikalia, akakaa. "Na anaamshwaje?"

Salim akamweleza habari ya dadu, tano au sita, na kwamba harushi mtu mwingine ila mwenyewe.

"Mwenyewe ni mimi," Mama akasema. "Nilimzaa mimi. Lete."

Hakuna aliyebisha. Ungebisha wewe? Akaifumbata dadu kwa mikono yote miwili, akaiangusha mezani.

Sita.

Nikasema, kwa sababu ni kazi yangu kusema, "Guka ameamka." Halafu tukanyamaza wote. Mama hakuwa anaijua ile sheria ya mwisho. Akatutazama mmoja mmoja, "Sasa?" Njeri akaweka kidole midomoni. Mama akaelewa, sijui vipi, akaweka kiganja chake pale ulipokuwa ukilaza kichwa, akangoja na sisi. Chai ikapoa. Salim alikuwa analia bila sauti. Ulijichezea uzee wako wote pale mezani, mdogo wangu, na ukauacha katikati, na roho yangu haijakubali.

Mpaka leo hakuna aliyeongea habari ya mchezo humu ndani. Salim ameshasafiri. Dadu haijaguswa, iko vile vile Mama alivyoirusha.

Umeamka, Ndung'u. Tumenyamaza. Tuambie unaona nini.

Dada yako,
yule mwenye mdomo