Mawingu ya Kusini na Kofia ya Rehema

Jumatano, Kinondoni

Kichwa cha habari bado kinaniudhi. Niliandika kwamba baridi kali ya ncha ya kusini ya dunia huunda mawingu juu sana angani, na jua linaporudi, klorini iliyoamshwa na chembe za mawingu hayo hula ozoni, hewa inayotukinga na miale mikali ya jua. Mhariri akaweka: “Mawingu Hatari Yaja.”

Jioni jirani yangu Mama Rehema alinisimamisha. Binti yake ana ualbino; leo, kwa kuogopa kichwa kile, hakumruhusu kwenda shule.

“Yamefika wapi, mwandishi?”

“Huku hayafiki, Mama Rehema. Yanataka baridi ya kule kule.”

“Basi kesho aende?”

“Aende na kofia yake. Jua la hapa lenyewe linatosha.”

Akacheka.

Sahihisho litatoka kesho, ukurasa wa ndani. Sijui mama wangapi hawana jirani wa kumuuliza.