Kuba la Kilima cha Misima

Korogwe, 4 Machi 2023

Baba yangu,
Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima. Ofisini kwa mradi wanasema umekataa kutia saini ya kutoa kilima chetu. Kaburi la mama halitaguswa, ramani nimeiona kwa macho yangu. Watajenga kuba jeupe, ndani yake antena ya kufuatilia vyombo vinavyokwenda mwezini. Kila Ijumaa utaruhusiwa kupanda kumwombea.
Mwanao, Zamda

Misima, 19 Machi 2023

Mwanangu Zamda,
Marahaba. Goti linauma, ila natembea. Nimetia saini. Sikuwaamini wale wa mradi, nimekuamini wewe. Kaka yako Hussein amenuna, haji tena kula kwangu.
Baba yako

Misima, 8 Septemba 2024

Mwanangu,
Hujambo? Barua zangu tatu hukujibu. Kuba limekwisha, linaonekana tangu barabarani. Ijumaa nilipanda. Mlinzi akanizuia, "Mzee, hapa hapapitiki." Nikamwambia nimefuata kaburi la mke wangu. Akasema, "Kaburi? Mbona lilihamishwa wakati wa kuchimba msingi?"
Mama yako yuko wapi?
Baba yako

Korogwe, 17 Septemba 2024

Baba,
Shikamoo. Nimeshindwa kulala tangu nisome barua yako. Ramani ilibadilishwa, mwamba mzuri wa kubeba msingi ulikuwa pale alipolala mama. Walitaka mtu wa familia aridhie. Niliridhia mimi. Walikuwa wameniahidi nafasi ya kusomea uendeshaji wa antena, na nimeipata. Kila siku nikasema kesho nitamwambia baba.
Amezikwa upya huku Korogwe, makaburi ya mjini, kibao namba 41. Shehe alikuwepo. Mimi nilikuwa darasani. Jumamosi nitakuja nikupeleke. Nisamehe, baba.
Mwanao, Zamda

Misima, 30 Septemba 2024

Zamda,
Barua yako ilifika Alhamisi. Ijumaa Hussein alinipeleka huko Korogwe kwa pikipiki. Tulikuta majani yamefunika kibao, tukafyeka, tukasoma dua. Hatukupita kwako. Jumamosi ulipobisha hodi nilikuwa ndani, nilikusikia.
Mama yako alizikwa mara ya pili bila mume wala mtoto, akazikwa na watu wa mshahara. Nimemwagiza Hussein: siku yangu ikifika, wewe uarifiwe baada ya mazishi.
Usijibu.
Mdoe Saidi