Uchumi Si Kuchuma Chai

Kambi ya majani chai, Kericho
Jumapili, tumetoka kanisani

Kwa mwanangu Yohana, hapo nyumbani Malinya,

Mimi mama yako nakusalimu. Hujambo wewe? Mkeo hajambo? Watoto wanakula wakashiba? Ule mgongo uliokuwa unakushika ukiinama kupalilia umekuachia? Kama bado, mkeo akukande kwa maji moto, na wewe uache kupiga kelele kama mtoto anayenyolewa. Mimi ni mzima. Vidole vinaniumanga asubuhi, jua likitoka vinanyooka. Dada yako Sabeti, ninayekaa naye hapa kambini, ni mzima pia. Anasema ulimwahidi blanketi. Hayo ni yenu wawili.

Sasa nyamaza unisikilize. Ile barua yangu ya kwanza, ile ya hasira, itie motoni. Usiifiche ndani ya Biblia kama unavyofichanga karatasi zako. Motoni. Niliyosema mle ndani yalikuwa makosa, na mwenye makosa ni mimi.

Ilikuwa hivi. Barua yako ilipofika nilimpelekea Barasa anisomee. Barasa ni karani wa mzani hapa, ndiye anayetupimia majani jioni, mtu wetu wa Matete, na ndiye anayeandika hii pia. Alisoma vizuri mpaka akafika pale ulipoandika kwamba Khayanga wako amemaliza kidato cha sita, kwamba shuleni wamempa fomu achague atakachosoma chuo kikuu, na kwamba yeye anataka uchumi na wewe unataka ualimu. Mmekosana, hamsemezani, na ukaniomba nikate neno, kwa sababu mtoto huyo ana jina la mama yangu mzazi.

Nikamwambia Barasa, "Rudia hapo. Anataka kusoma nini?"

"Uchumi, Kukhu."

"Kuchuma?"

"Uchumi."

"Si ni hiyo hiyo!"

Yohana, niliona giza mchana. Tangu baba yako afe nimechuma chai huku, kikapu mgongoni, mvua ya Kericho ikininyeshea mpaka nguo inasahau kukauka. Nilichuma ili wewe usichume, na mtoto wako asijue hata kikapu kinavaliwa vipi. Sasa mtoto asome mpaka kidato cha sita, apande mpaka chuo kikuu, akifika huko afundishwe kuchuma? Na mwalimu gani huyo? Mimi ningemfundisha kwa siku moja, na obusuma, ugali wa mchana, ningempa!

Ndipo nikamwambia Barasa ashike kalamu. Unajua yaliyofuata. Nilisema mtoto akiandika neno hilo kwenye fomu asiniite tena kukhu, mimi si nyanya yake. Naona haya hata kulirudia. Nimemwuliza Barasa leo, "Wewe umesoma, ulijua nimekosea. Mbona ulinyamaza ukaandika?" Anajibu, "Kukhu, uliniambia niandike, hukuniambia nifikiri." Huyo ndiye karani wetu.

Wiki mbili nilitembea na hasira hiyo shambani. Niliwaeleza wachumaji wote, na wengine walinipa pole kama mtu aliyefiwa. Kemunto, mama wa Kikisii tunayechuma naye mstari mmoja, akasema, "Tangu bendera ipandishwe kila kitu kinataka digrii. Ngoja, utasikia kuna digrii ya kufagia." Tukakubaliana kwamba dunia imeharibika, tukaendelea kuchuma.

Basi Jumatano likaja gari la wageni kutoka Nairobi, Wazungu wawili na kijana mmoja Mwafrika, suti nyeusi, viatu unaweza kujitazama uso. Nyapara akatuonya tusilete maneno, hawa ndio wanaoangalia kama kampuni itapewa pesa ya kujenga kiwanda cha pili. Wazungu wakaenda na meneja. Kijana akaja peke yake mpaka mstari wetu, akatusalimu kwa adabu, akauliza mti ukichumwa unakaa siku ngapi kabla ya kuchumwa tena, na mvua ya mawe iliharibu upande gani zaidi. Nilimjibu, naye akaandika kwenye kitabu chake. Mdomo wangu unaujua. Nikamwuliza:

"Na wewe mwanangu, umesoma nini mpaka unakuja kuuliza wanawake habari za majani?"

"Nimesoma uchumi, nyanya."

Nikatua kikapu. Kemunto akaziba mdomo kwa mkono.

"Chuo kikuu?"

"Chuo kikuu."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Basi chuma hapa tuone."

Akacheka, akidhani ni mzaha. Mimi nilikuwa sicheki. Alipoona hivyo akavua koti, akanipa nimshikie, akaingiza mkono kwenye mti. Yohana! Alishika tawi zima akalivuta na majani ya chini, yale magumu ambayo hata mbuzi anayapita. Mstari mzima ukapiga yowe. Kemunto akasema, "Miaka mitatu! Rudi, waambie waanze na wewe upya!" Nyapara akaja mbio na fimbo yake, lakini kijana akamwinulia mkono. "Waache. Hapa mwanafunzi ni mimi."

Nikamwonyesha: majani mawili na kichwa chake kichanga, unakata kwa kidole, huvuti. Mara ya tatu akapata. Ndipo nikamwambia shida yangu, kwamba nina mjukuu anayetaka kwenda kusoma kuchuma kama yeye, na mimi nimemkataza.

Hapo hakucheka. Alikaa kwenye jiwe kando ya njia, na suti yake hiyo, akasema, "Nyanya, maneno hayo ni ndugu, lakini kazi si moja. Wewe unachuma kwa vidole. Uchumi ni kujua mali ya nchi inatoka wapi, inapita wapi, na nani anayeichuma mwishoni."

"Na sasa hivi nani anaichuma?"

Akatazama nyumba ya meneja kule juu. Nilimpenda kuanzia hapo.

Nikamwuliza kazi yake. Akasema yuko benki, lakini si ile benki ya dirishani ambapo mtu anaenda na kitabu chake. Yao ni ya kuwekeza. Kuna watu wana mali imelala, na kuna wengine wanataka kujenga kiwanda na hawana kitu. Yeye yuko katikati yao. Anakuja kuangalia: udongo uko vipi, mvua, barabara, soko, na huyu anayeomba ni mtu wa kweli au ni mdomo tu? Akisema ndiyo, mali inatoka na kiwanda kinasimama. Akikosea, mali ya watu imepotea.

Halafu nikacheka mpaka nikashika mti.

Si hiyo ndiyo kazi ya mjomba wangu Shivachi! Wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka miguu yake mirefu tu. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi na majani machache alikuwa anawaweka wengine kwa mtu wa mbali. Yule mtu anakunywa maziwa, ndama wanagawanywa. Sasa utawaweka kwa nani? Unaenda kwa Shivachi. Shivachi anakwenda kwa miguu mpaka Navakholo, anaangalia majani na mto, anaangalia ua umefungwa vipi, anaomba maji ya kunywa ili aone mke wa pale anavyosafisha vibuyu vyake. Anarudi anakwambia, "Weka," au, "Usiweke." Basi. Alikosea mara moja tu, kwa mtu aliyekuwa mlevi na akajificha siku ile, na ng'ombe huyo mmoja Shivachi alimtaja mpaka anakufa. Hakuna aliyeiita uchumi. Tulikuwa nayo nyumbani kwetu, tena mimi nimekunywa maziwa yake, halafu nikaja kuipinga kwa sababu imevaa jina la shule.

Nilimweleza kijana habari za Shivachi, naye akaandika kila kitu. "Nyanya," akasema, "mimi nilihitaji miaka mitatu kuelewa hayo."

"Na wasichana mnao huko kwenu?"

"Wa kupiga taipu wapo. Wa kazi hii, hakuna hata mmoja."

"Kwa nini?"

"Hajaomba."

"Basi ataomba."

Akanipa mashauri, na Barasa anayaandika hapa kama nilivyoyashika. Khayanga aandike uchumi mahali pa kwanza, uchumi wenyewe, si biashara. Biashara itamfundisha kuendesha duka moja vizuri, uchumi utamfundisha kuangalia maduka yote na barabara inayofika pale. Achukue na hesabu pamoja nao, asizikimbie, maana wanaokimbia hesabu wanabakia mlangoni. Na ualimu asiuandike hata mahali pa pili kwa kuogopa. Alisema hao wanaochagua, wakiona msichana ameandika ualimu popote, mara nyingi wanampeleka huko bila kufikiri mara mbili. Wazungu wanaondoka kwenye viti vile, mmoja mmoja, na watu wanatafutwa wa kuvikalia. Asipokalia wetu atakalia wa mwingine.

Nilirudi laini, kwenye nyumba zetu za kambi, nikiimba. Sabeti akauliza nimekunywa nini.

Halafu jana ikafika barua yako ya pili, ile fupi. Barasa aliisoma mara moja, nikamwomba asirudie. Kwamba ulimsomea Khayanga maneno yangu mbele ya watu. Kwamba alilia, kisha akanyamaza, na tangu siku hiyo anachota maji, anapika, anafua, na hasemi neno. Kwamba umejaza ualimu wewe mwenyewe kwa penseli, unangoja yeye aupitishie wino, na fomu inarudi shule Ijumaa hii inayokuja.

Penseli inafutika. Hilo ndilo lililonipa usingizi.

Sasa nitakwambia jambo, na hutalipenda. Aliyetaka kuwa mwalimu ni wewe. Nilikuona, ukiwafundisha mbuzi kusoma na kijiti mkononi. Na aliyekutoa shule baba yako alipokufa ni mimi. Nilikutazama ukiweka kitabu juu ya dari, ukashika jembe, hukunilaumu hata siku moja, na mimi sikukuomba msamaha hata siku moja. Nakuomba leo. Lakini Yohana, hilo ni langu na lako. Usimvalishe mtoto. Yeye hakuwepo.

Siwadharau walimu. Mke wa Barasa ni mwalimu, na sasa hivi Barasa ameacha kuandika ananiangalia. Nasema tu kwamba mwenye mwito wa ualimu aende, na asiye nao asisukumwe, atawapiga watoto wa watu bure. Najua utasema pia, msichana wa benki ataolewa na nani? Atakayemwogopa aende zake, tutakuwa tumemjua mapema.

Barasa anaanza likizo yake kesho. Atapanda basi la asubuhi, atashuka Kakamega, na kabla ya kwenda kwao Matete atakuja Malinya kwa miguu akupe barua hii mkononi. Nimemwapisha. Mpe maji na mahali pa kukaa. Halafu, yeye akiwa pale pale, futa ile penseli. Mpe Khayanga fomu na wino, atoke nje na meza, aandike kwa mkono wake mwenyewe. Wewe utaweka sahihi pale pa mzazi tu. Usimsimamie begani.

Na hapa chini usisome wewe, mpe yeye asome.

Mama yangu Khayanga. Nimekukosea. Neno lilikuwa refu kuliko mimi, na badala ya kuuliza nikapiga kelele. Uliogopa kunijibu kwa sababu mimi ni mkubwa, lakini siku nyingine nikikosea, nijibu. Nitakasirika, halafu nitapoa. Nenda ukausome huo uchumi. Watakuweka peke yako katikati ya wavulana, na watakuuliza umepotea njia? Waambie hapana. Na siku utakapotumwa kuangalia kiwanda cha watu, usianzie kwa meneja. Anzia kwa wanaochuma. Sisi ndio tunajua mvua ya mawe ilipita wapi.

Nimemaliza na yeye, narudi kwako Yohana. Nisalimie mkaza mwanangu, mama yake Khayanga, ambaye najua alikuwa upande wa mtoto tangu mwanzo akakosa wa kumsikiliza. Nisalimie jirani yetu mkunga aliyemshika Khayanga akizaliwa, mwambie kazi yake haikupotea. Nisalimie mchungaji, na mwambie ahubiri kifupi.

Nisalimie pia shemeji yangu Amukowa, baba yako mdogo. Yeye najua atakuja, maana Alhamisi utachinja ingokho, yule jogoo mwekundu. Alianza kula firigisi, fungu la mzee wa kiume, katika boma hilo kabla hujazaliwa. Najua kwetu msichana hakuwa anakula kuku, achilia mbali firigisi. Alhamisi mtaiweka kwenye sahani ya Khayanga, nzima, na Amukowa akiwa ameketi pale anaona. Akiuliza maswali, mwambie aniandikie. Na mtoto akiona haya akaisukuma kando, mwambie aliyempakulia ni mimi.

Ni mimi mama yako anayekupenda hata akikugombeza,
Khasandi

(Hiki chenye wino ni kidole gumba changu. Barasa amesema kimepinda. Kimepinda kwa kuchuma.)